Gunia Lililo Chini ya Cherehani

Haya ni maneno ya mazungumzo yaliyoandaliwa kwa mafundi wa nguo, vikundi vya akina mama na wanafunzi wa ushonaji katika vyuo vya ufundi vya kaunti. Yanachapishwa hapa kwa ajili ya wakazi ambao hawakuweza kuhudhuria.



Chini ya karibu kila cherehani sokoni kuna gunia. Ndani yake mna vipande vya kitenge, miguu ya suruali iliyokatwa kwa sababu mwenyewe alikuwa mfupi, mabaki ya satini ya harusi, bitana na kola ambayo haikukaa sawa. Nyumbani gunia hilo lina ndugu zake. Kuna sanduku juu ya kabati lenye mabunda matatu ya uzi wa sweta ambayo hayafanani rangi, leso moja ambayo mwenzake iliraruka, na yadi moja na nusu ya kitambaa kilichonunuliwa kwa sababu kilikuwa kizuri na hakijapata kazi hadi leo. Watu wengi huviona vitu hivi kama takataka zinazosubiri siku ya kutupwa. Lakini kila kipande kimo humo kwa sababu kuna mtu aliyekilipia kwa yadi, na bei ya kipande kilichobaki ni ile ile ya kilichovaliwa.

Mazungumzo haya yanahusu kulitumia gunia hilo hadi liishe.

Huenda mtu akauliza jambo hili linaihusu vipi serikali ya kaunti. Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 linazipa kaunti kazi nyingi. Miongoni mwake ni kuondoa taka, na pia kusimamia vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya ufundi wa nyumbani. Kwa kawaida idara ya mazingira na idara ya mafunzo ya ufundi hukutana wakati wa bajeti tu. Gunia la fundi ni la idara zote mbili.

Tuanze na taka. Tangu tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini, na wananchi wamezoea. Wasichofahamu wengi ni kwamba poliesta, ambayo ndiyo kitambaa cha sare nyingi, bitana na satini za bei nafuu, nayo ni plastiki. Kipande cha poliesta kilichotupwa mtaroni hakiozi. Kinajikunja na matope, kinashika majani, na mvua ya Aprili inapokuja maji yanapanda barabarani kwa sababu mtaro umeziba. Kikichomwa nyuma ya kibanda kinayeyuka na kutoa moshi ambao watoto wa jirani wanauvuta. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inamtaka kila anayezalisha taka aanze kuzitenganisha pale pale zinapotoka. Kwa fundi wa nguo, kutenganisha ni kazi nyepesi kuliko kwa mwenye hoteli, maana taka zake ni kavu, hazinuki na nyingi bado zina thamani.

Thamani hiyo inaweza kupigwa hesabu. Kitenge huuzwa kwa kipande cha yadi 6, na upana wake ni kama inchi 45. Yadi moja ya kitambaa hicho, yaani inchi 36 kwa 45, hutoa viraka 30 vya mraba wenye inchi 7 kila upande, yaani vitano upande mmoja na sita upande wa pili. Kila kiraka kikishonwa kwa mshono wa nusu inchi pande zote, hubaki inchi 6. Shuka ya kujifunika yenye upana wa futi 5 na urefu wa futi 6 huhitaji viraka 10 kwa 12, ambavyo ni 120. Hizo ni yadi 4 za kitambaa. Kwa hivyo fundi anayetupa vipande vya ukubwa wa kiganja anatupa shuka nzima kila baada ya muda, na yeye ndiye anayejua gunia lake hujaa mara ngapi kwa mwaka.

Hata hivyo, kabla ya kushika mkasi kuna swali ambalo watu hulikwepa. Vipande hivyo ni vya nani?

Malalamiko haya yapo katika kila soko. Mteja analeta yadi 4, anashonewa gauni, anaambiwa kitambaa kimetosha tu. Wiki mbili baadaye anamwona mtoto wa fundi amevaa kaptula yenye maua yale yale. Hasemi kitu, lakini harudi. Upande wa pili nao una hoja. Fundi husema kwamba mteja alipoulizwa kama anataka mabaki alicheka, na kwamba kibanda cha futi sita kwa sita hakiwezi kuwa ghala la vipande vya wateja mia.

Kitambaa ni mali ya aliyekinunua, na kinabaki kuwa mali yake hadi aseme vinginevyo. Hilo halihitaji wakili. Linalohitajika ni swali moja wakati wa kupima, na jibu lake liandikwe kwenye daftari la vipimo, pale pale palipoandikwa kifua na kiuno: mabaki yanarudi, au mabaki ni ya fundi. Yakirudi, yakunjwe ndani ya nguo siku ya kuchukuliwa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na katika biashara hii kinachopotea mara nyingi ni mteja. Tena kuna faida ambayo mafundi wachache wameigundua. Mteja aliyerudishiwa kipande cha inchi kumi mara nyingi huuliza kinaweza kufanya nini, na hapo fundi amepata kazi nyingine ya kushona mkoba, kilemba au foronya bila kutafuta mteja mpya.

Tukishajua vipande ni vya nani, kazi ya kwanza ni kuvipanga. Anayechanganya kila kitu hushona kitu kinachoharibika siku ya kwanza ya kufuliwa. Pamba hunywea inapofuliwa mara ya kwanza, poliesta hainywei. Vikishonwa pamoja bila kufuliwa, shuka hujikunja kama jani kavu. Vitambaa vya kuvutika, kama vya fulana na leggings, vikae peke yake, kwani vikiunganishwa na kitenge hulegea na mshono hupinda.

Asiyejua kipande chake ni cha aina gani ajaribu kwa moto. Achukue nyuzi chache, azishike kwa koleo juu ya sahani ya bati, mbali na gunia lenyewe, kisha aziwashe. Pamba huwaka kwa haraka, hunuka kama karatasi inayoungua na kuacha jivu laini. Sufu ya kondoo hunuka kama nywele zilizoungua. Poliesta na akriliki huyeyuka na kuacha tone gumu jeusi. Jaribio hili huchukua dakika moja na huokoa kazi ya wiki.

Rangi nayo ijaribiwe. Kipande kiloweshwe na kusuguliwa kwenye kitambaa cheupe. Kikiacha rangi, kifuliwe peke yake mpaka maji yatoke safi, au kiwekwe kando. Vitenge vyekundu na vya buluu iliyoiva vimeharibu kazi nyingi nzuri.

Kwa anayeanza, vitu vidogo vinafaa zaidi. Vishikio vya sufuria hushonwa kwa tabaka tatu au nne za kitambaa, na viwe vya pamba tupu, maana poliesta inayeyukia mkononi. Mfuko wa kalamu wa mwanafunzi hutoka kwenye mguu wa suruali ya jinzi. Mikoba ya sokoni ina wanunuzi tangu ile ya plastiki ilipoondoka. Jambo moja liepukwe. Vipande vya gunia visitumiwe kushonea sodo. Vikundi vinavyoshona sodo za kufuliwa hununua kitambaa kipya kinachojulikana ni cha aina gani, na ndivyo inavyopasa kuwa.

Sasa tuje kwenye shuka ya viraka, ambayo Kiswahili cha vitabuni huiita mfarishi. Kwa cherehani, zile hesabu za viraka 120 zinatosha kuanzia. Viraka huunganishwa kwanza kuwa mistari 12 ya viraka kumi kumi. Mishono ya mstari mmoja hulazwa kwa pasi kuelekea kushoto, na ya mstari unaofuata kulia, ili mistari ikikutana pasiwe na uvimbe. Kisha mistari huunganishwa. Chini huwekwa kitambaa kimoja kikubwa, kwa mfano shuka kuukuu. Katikati, kwa maeneo ya baridi, huwekwa blanketi jepesi lililochakaa. Tabaka zote tatu hupigwa bandi kwa mkono zisiteleze, ndipo zipitishwe kwenye cherehani. Anayeruka hatua ya bandi atafumua baadaye.

Lakini wapo wengi wasio na cherehani, na wengi zaidi ambao vipande vyao havina mraba hata mmoja. Kwao kuna njia nyingine, na inafaa kuelezwa kwa kirefu kwa sababu imehifadhiwa na watu wenye asili ya upande huu wa bahari.

Katika jimbo la Karnataka, kusini-magharibi mwa India, wanaishi Wasidi. Ni wazao wa Waafrika waliovuka Bahari ya Hindi kwa karne nyingi, wengi wao wakiwa watumwa waliopelekwa na wafanyabiashara Waarabu na Wareno, hasa kupitia Goa. Leo Wasidi huzungumza lugha za huko na wana dini tofauti, wakiwemo Waislamu, Wahindu na Wakristo. Wanawake wao hushona mifarishi inayoitwa kawandi kwa nguo kuukuu za familia. Hawatumii cherehani wala hawakati mraba kwa rula.

Fundi wa kawandi hutandaza chini kitambaa kimoja kikubwa, mara nyingi sari iliyochakaa. Huanzia kwenye kona. Huweka kipande ukingoni, hukunja ncha zake ndani kwa kidole na kukishona kwa mshono wa kawaida wa mkono, sindano ikipita tabaka zote mbili. Kikiisha huweka kingine kando yake, kikilalia kidogo ukingo wa cha kwanza. Huzunguka hivyo pande zote nne hadi arudi alipoanzia, kisha huingia mzunguko wa pili ndani ya ule wa kwanza, na wa tatu, mpaka afike katikati. Mistari ya mshono inayofuatana kwa karibu ndiyo inayoshikilia kila kitu. Kwa hivyo hahitaji bandi, wala fremu, wala kuunganisha viraka kwanza. Kipande kirefu kinakaa, chembamba kinakaa, na chenye tundu hufunikwa na kipande kingine. Kwenye kona nne huongeza vipande vidogo vilivyokunjwa pembetatu, vinavyoitwa phula, yaani maua. Mfarishi usio na maua hayo huhesabiwa kuwa haujakamilika. Tangu mwaka 2004 baadhi ya wanawake hao wamekuwa na ushirika wao wa kushona na kuuza.

Njia hii inafaa hapa kwa sababu tatu za kawaida kabisa. Haihitaji umeme. Inabebeka, maana mtu anaweza kushona mzunguko mmoja akisubiri kwenye foleni ya zahanati. Na leso, ambayo ni pamba nyepesi na pana, ni kitambaa kizuri mno cha kuweka chini. Ile leso iliyofiwa na mwenzake imepata kazi.

Tukiacha vitambaa, tuje kwenye uzi.

Wazazi wanaijua Januari. Mtoto amekua inchi mbili tangu Agosti, sweta ya shule inambana kwapani na mikono imeishia katikati ya kigasha. Sweta mpya ina bei, na iko kwenye orodha moja na vitabu, viatu na karo. Mara nyingi sweta hiyo haijachakaa. Imekuwa fupi tu.

Mkono wa sweta iliyofumwa huongezwa hivi. Tafuta mstari mmoja ulio juu kidogo ya sehemu inayobana kifundo cha mkono. Kata uzi mmoja tu wa mstari huo na uvute polepole kuuzunguka mkono. Sehemu ya chini itaachana na mkono, na mkononi vitabaki vitanzi vilivyo wazi. Viokote vyote kwa sindano kabla havijakimbia, fuma kuteremka inchi mbili, kisha fuma upya sehemu ya kubana na ufunge. Anayejua kufuma humaliza mikono yote miwili jioni moja au mbili. Urefu wa mwili huongezwa kwa namna hiyo hiyo.

Tatizo ni rangi. Maruni ya mwaka huu haifanani na maruni ya mwaka juzi, hata ikitoka duka lile lile, kwa sababu kila mkupuo wa kutia rangi kiwandani hutofautiana kidogo. Dawa yake ni kuomba bunda dogo la uzi ule ule siku sweta inaponunuliwa kwa fundi wa mashine ya kufuma. Koni yake haishi sawasawa na sweta, na kiasi hicho kidogo kwake ni mabaki. Kwa mzazi ni mwaka mmoja zaidi wa sweta ile ile. Bunda likunjwe, liandikwe jina la mtoto na kuwekwa ndani ya sanduku.

Uzi pia hupatikana kwenye sweta za mitumba zilizotoboka viwiko. Hapa pana kosa linalowapotezea watu pesa. Kabla ya kununua, geuza sweta ndani nje na utazame mshono wa ubavuni. Ukiona ukingo umekatwa na kupigwa ovaloki, iache. Sweta hiyo ilikatwa kutoka kitambaa kikubwa, na ikifumuliwa hutoa vipande vifupi vifupi vya uzi. Ukingo ukiwa mzima, uzi wake unaendelea kutoka mwanzo hadi mwisho. Fumua kuanzia juu, pale fundi alipomalizia. Uzungushe uzi kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne usivurugike, uoshe kwa maji ya vuguvugu na uuning'inize ukiwa na kitu kizito kidogo ili mikunjo inyooke. Uzi wa akriliki usipigwe pasi ya moto, kwani hulegea na haurudi tena. Akina mama wa Ukambani na wa Mlima Kenya hawahitaji somo hili, maana uzi wa sweta zilizofumuliwa uliingia kwenye viondo kando ya katani zamani, na ukaleta rangi ambazo katani haikuwa nazo.

Anayetaka kujua kama bunda lililobaki litatosha mstari wa rangi apime kwa urahisi. Mstari mmoja wa kufuma wa kawaida hula uzi wa takriban mara tatu ya upana wake. Sweta yenye upana wa inchi 16 mbele huhitaji kama inchi 48 kwa kila mstari. Mistari kumi ni yadi 13 na kidogo. Uzi ukiwa mwembamba kuliko mwenzake, shika miwili pamoja.

Kuhusu kuuza, inafaa kusema ukweli. Vikundi vingi huanza na soko kabla ya kuanza na nyumba, na huvunjika moyo. Blanketi la dukani ni la bei nafuu kwa sababu lilitengenezwa na mashine. Tuseme shuka ya viraka inachukua siku nne, na kikundi kinahesabu siku ya kazi kuwa shilingi 600. Kazi pekee imefika shilingi 2,400 kabla ya uzi, pasi na nauli. Mnunuzi wa kulipa hivyo yupo, lakini ni wachache na hawako kila soko. Mikoba na vishikio vya sufuria huuzwa haraka zaidi. Shuka ya kwanza ilale kitandani kwa mshonaji mwenyewe mwezi wa Julai, baridi inapokuwa kali. Ya pili ipelekwe kwa jirani aliyejifungua. Kufikia ya tatu mikono imezoea na kikundi kinajua kazi inachukua siku ngapi hasa, na hapo ndipo bei iwekwe.

Jambo jingine linawahusu wapenda vitambaa. Kuna mtu ambaye kila akianza kumaliza vipande vyake huenda dukani kutafuta yadi mbili za kuvipatanisha, na mwishowe sanduku linajaa kuliko mwanzo. Kama lazima kununua, kinunuliwe kitambaa cha chini pekee, na tena leso au shuka kuukuu zitafutwe kwanza.

Baada ya viraka, mikoba na vishikio, gunia huwa limebaki na vijipande vya upana wa kidole. Vya pamba na vya poliesta vinaweza kuchanganywa hapa. Vikatwe vidogo zaidi, visafishwe pini na vipande vya sindano kwa kupitisha sumaku mara mbili, kisha vijazwe kwenye mto wa kukalia au wa kiti cha sebuleni. Mto huo huwa mzito na mgumu kuliko wa sponji, lakini haubonyei. Uwekwe zipu ili foronya ifuliwe, usikae karibu na jiko, na usitumiwe kumlazia mtoto mchanga, ambaye kabla ya kutimiza mwaka mmoja hapaswi kuwekewa mto wowote.